Darasa Ninalofagia Mwisho

"Mama Faraja, hivi wewe uliyeishia la saba, darasa zuri la chuo kikuu unalijuaje?"

Jirani yangu Magreth ndiye aliyeniuliza hivyo, yeye akiwa upande wake wa ua wa masale na mimi upande wangu, nakata majani ya ng'ombe. Hakuuliza kwa dharau. Tuliolewa hapa Machame mwaka mmoja, na marehemu mume wangu Ebenezeri alipolazwa miezi miwili, Magreth ndiye aliyenikamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Aliuliza kwa sababu nilikuwa nimetoka kumsifia mwanaye, na alitaka nimsifie tena.

Mwanaye ni Eliezeri. Anafundisha katika chuo kile kile cha Moshi mjini ninakofanya usafi, na darasa lake liko kwenye korido yangu. Somo lake ni maji: mito, mifereji, nani apate na nani angoje. Alisoma kwa jasho yule kijana. Likizo zote alikuwa mpagazi, anapandisha mizigo ya wageni mlimani, kisha anashuka na kurudi kwenye madaftari yake. Alipoajiriwa pale chuoni kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja, tulimshukuru Mungu kanisani kwa wimbo.

Basi nikamjibu Magreth bila kufikiri. "La mwanao ndilo zuri. Kimya! Ukipita nje utadhani ni kanisani watu wakiwa wameinamisha vichwa. Na wakitoka, viti vimekaa kwenye mistari kama nilivyoviacha. Nafagia dakika kumi nimemaliza. Siyo lile la Dokta Mwantumu, fujo tupu. Wanageuza viti, wanabishana, muda ukiisha hawatoki, na mimi nimesimama nje na ndoo kama mlinzi."

Magreth akacheka mpaka akashika kiuno. "Umeona sasa? Malezi hayo. Baba yake hakutaka mtoto anayejibizana."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akinyamaza mbele ya mkubwa, amelelewa. Mimi mwenyewe nilisoma masomo ya kipaimara kwa kuitikia tu. Mwinjilisti akiuliza kama tumeelewa, sote tulisema ndiyo, hata aliyekuwa anasinzia. Kwa hiyo nilipousikia ukimya wa darasa la Eliezeri niliujua, nikauita heshima. Nilikosea, na kosa lenyewe halikukaa kwangu tu. Magreth alimpelekea mwanaye maneno yangu: hata Mama Faraja anayefagia pale anasema darasa lako limetulia kama kanisani. Eliezeri akatembea na sifa hiyo muhula mzima.

Muhula ulipokwisha wanafunzi walijaza fomu. Huo ni utaratibu wa chuo: siku ya mwisho mwalimu anatolewa nje, wanafunzi wanaandika bila majina kama somo limewafaa au la. Siku ile Eliezeri alitoka akasimama karibu na ndoo yangu, akanisalimia shikamoo kwa uchangamfu. Kabla sijamaliza kumuuliza hali ya baba yake, wanafunzi walishatoka wote. Nikaingia nikafagia. Viti havikuwa vimeguswa.

Wiki mbili baadaye Magreth alikuja jikoni kwangu alfajiri, kabla sijaondoka kwenda kazini. Hakukaa.

"Wamemkataa," akasema.

"Nani kamkataa nani?"

"Wanafunzi. Fomu zimekuja mbaya. Mkuu wake kamwambia amebakiwa na muhula mmoja. Zikija mbaya tena mwezi wa sita, mkataba hautaongezwa." Akajifunga kanga upya. "Atarudi kubeba mizigo ya wageni, Mama Faraja. Na magoti yake yale. Wewe si ulisema ni zuri? Uliona nini sasa?"

Nilimwombea pale pale, naye akaitikia amina, lakini alipoondoka niliona hakuridhika. Hata mimi sikuridhika. Nilikuwa nimesema nilichokiona, sasa ilikuwaje?

Nikaanza kuangalia upya, na Magreth nikamwambia. Mfagiaji akipita hakuna anayenyamaza wala anayejitengeneza. Niliweka saa yangu ya mkononi kwenye mfuko wa gauni la kazi, nikawa napima muda ninaosimama nje mlango ukishafunguliwa. Kwa Eliezeri, dakika mbili. Kwa mwalimu mwingine wa mchana, dakika nne. Kwa Dokta Mwantumu, dakika ishirini na tano, na siku moja hamsini, mpaka nikakosa gari la mapema. Darasa lake nilikuwa nalifagia mwisho kila siku, na kila siku nanung'unika. Sasa nikajiuliza: hawa vijana njaa wanayo, simu wanazo, kwa nini hawatoki?

Kisha nikaangalia ndoo za taka. Kwa Eliezeri, siku akirudisha mazoezi, ndoo inajaa. Karatasi zimekunjwa, nyingine zimechanwa. Nikazifungua. Juu pana namba kwa wino mwekundu, chini hapana neno. Kumi na moja. Tisa. Kumi na nne. Basi. Hata yule wa kumi na nne alitupa.

Ndoo ya Dokta Mwantumu ina maganda ya karanga na chupa za maji. Nilingoja mwezi mzima niokote zoezi lake hata moja, sikuokota. Siku moja nikamwona mwanafunzi mmoja wa kike, Zita, amebaki peke yake anasoma karatasi aliyorudishiwa. Pembeni pote pameandikwa kwa kalamu ya risasi.

"Umepata nyingi?" nikamuuliza.

"Nimepata nane kati ya ishirini, mama."

"Nane! Na mbona hutupi?"

Akanitazama kama nimemwambia atupe barua ya mama yake. "Nitupeje? Ona, hapa ameniuliza swali. Kasema nikimjibu Alhamisi atanisomea tena." Akaikunja vizuri. "Dokta anatujua majina, mama. Tuko sitini na mbili. Kule kwa sir Eliezeri mimi ni 'wewe mwenye shati la bluu'. Siku nikivaa nyekundu sina jina."

Akacheka, nami nikacheka, lakini moyo uliniuma, kwa maana yule sir nimemlea mgongoni.

Jumamosi hiyo Eliezeri alikuja kwangu. Mama yake alikuwa amemtuma na mkungu wa ndizi za mtori, na nadhani alimtuma na kingine pia, maana aliutua mkungu, akasalimia, kisha akawa haondoki. Akashika panga akanisaidia kukatakata mgomba wa ng'ombe.

"Mama anasema unanipeleleza," akasema, anatabasamu nusu.

"Nafagia tu, mwanangu. Ila macho ninayo."

"Na yameona nini?"

Nikamwambia. Dakika mbili na dakika hamsini. Viti. Shati la bluu. Nikamwambia pia kwamba ile sifa ya kanisani ilikuwa yangu na nilikosea, anisamehe. Nilipofika kwenye ndoo za taka akaliweka panga chini.

"Mama Faraja, kwa heshima yote. Nina digrii mbili. Nimekesha na slaidi zile, kila moja nimeitengeneza mwenyewe. Leo unaniletea habari za ndoo ya taka?"

Niliingia ndani, nikatoa kwenye mfuko karatasi tano nilizokuwa nimezinyoosha kwa pasi ya mkaa. Nikazitandika juu ya benchi. Aliujua mwandiko wake mwekundu mara moja. Akazitazama moja moja, hata akaigeuza ya mwisho nyuma, kama anatafuta kitu alichokuwa ameandika akasahau wapi.

"Na za Dokta Mwantumu?"

"Sijawahi kuokota hata moja."

Ng'ombe alivuta mgomba kutoka miguuni pake, yeye hakuona. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Anafanyaje?"

Hapo ndipo nilipokwama. Sikujua anafanyaje. Nilijua yanayobaki chumbani tu, kama mtu anayeokota vyombo baada ya harusi bila kuiona harusi yenyewe.

"Nitasikiliza," nikamwambia.

Jumatatu nikaanza kudeki korido nje ya mlango wa Dokta Mwantumu mpaka sakafu ikang'aa. Huyu mama ni wa hapa hapa mjini, baba yake alikuwa fundi cherehani, anavaa mtandio wa kahawia, sauti yake si kubwa. Nilimsikia akiuliza swali. Kisha kimya. Kimya kikaendelea. Nikafikiri, masikini, Dokta kasahau somo. Nikamsikitikia. Mara sauti ya kijana ikasema jambo, mwingine akamkatalia, viti vikaanza kugeuka, na mimi nikajua leo tena nitachelewa.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alipotoka nilimfuata.

"Shikamoo Dokta." Yeye ni mkubwa kwangu kidogo.

"Marahaba. Leo nimekuchelewesha tena?"

"Hapana. Nataka kuuliza, ukiniona mjinga unisamehe. Ukishawauliza, mbona unanyamaza? Huwa unasahau?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Sisahau, dada yangu. Nangoja. Mwalimu akiuliza akajibu mwenyewe, wanafunzi wanajifunza kwamba hahitaji jibu lao. Miaka ya kwanza nilikuwa sina subira, nikawa najilazimisha. Nasema Subhanallah kimoyomoyo mara thelathini na tatu, taratibu, kama baada ya swala. Sijawahi kufika mwisho. Kuna mmoja lazima atashindwa kuvumilia."

"Na wakijibu makosa?"

"Ndiyo nawataka. Aliyekosa namuuliza amepitia njia gani. Mara nyingi nusu ya darasa walikuwa naye njia hiyo hiyo, wamejificha nyuma yake." Akaweka mkoba begani. "Kwani na wewe unafundisha?"

"Mimi? Nafagia."

"Mbona umeuliza ambacho wenzangu hawajawahi kuniuliza?"

Nikapeleka maneno hayo Machame kama yalivyo. Eliezeri akajaribu kesho yake. Nilikuwa nje na dekio. Akauliza, sauti yake nzuri, kisha akangoja muda wa mtu kupiga chafya. Akajibu mwenyewe. Akasema, "Mmeelewa?" Wakaitikia, "Ndiyoo!" Ile ndiyo ya kipaimara, kabisa. Dakika mbili, wametoka.

Alinikuta nakamua dekio. "Nilingoja, mama. Hawana cha kusema."

"Hukungoja, mwanangu. Ulipumua."

"Ilikuwa ndefu! Mimi kule mbele naona kama nusu saa."

Nikafikiri. Kumwambia mtoto wa mzee wa kanisa ahesabu Subhanallah kusingefaa. Nikamwambia, "Ukishauliza, sema Sala ya Bwana moyoni. Yote, mpaka amina, kwa mwendo wa ibada. Siyo mwendo wa mtu mwenye njaa mezani. Mpaka amina usifungue mdomo."

"Mama Faraja, darasani?"

"Kwani Mungu haingii darasani?"

Akatikisa kichwa, akaenda. Lakini nilimjua. Akiwa mdogo alikuwa akikataa hivyo hivyo, kisha anaenda kuteka maji.

Hakuanza kwa kufanikiwa. Mara ya kwanza alifika amina na hakuna aliyesema. Nilisikia kiti kikilia, mtu akakohoa, mwingine akacheka chini chini. Alitoka amelowa jasho. Lakini alibadilisha jambo jingine bila mimi kumwambia: alianza kuandika kwenye mazoezi. Mama yake alilalamika kwangu kwamba taa ya chumba chake haizimwi. Nikaangalia ndoo ya taka. Karatasi nane. Juma lililofuata, tatu.

Majina nayo yalimtesa. Alikuwa na karatasi mfukoni, nikamwona koridoni anajisomea kama mtu wa kwaya kabla ya kuimba. Akamwita Zita Hajira, na Hajira akamwita Zita, darasa likacheka, naye akacheka. Kicheko hicho nilikisikia kutoka chooni nilikokuwa nasafisha, nikasimama na brashi mkononi. Miezi mingapi sijasikia kicheko kutoka chumba kile?

Ikafika Mei. Mvua zilikuwa nyingi, njia zetu utelezi mtupu. Siku hiyo Eliezeri aliuliza swali ambalo hata mimi nililielewa.

"Mwaka wa ukame," akasema, "maji ya mfereji yamebaki nusu. Juu mlimani kuna ng'ombe na kahawa. Chini Chekereni mpunga umeanza kutoa mashuke. Maji yanapita kwanza juu. Nani anywe kwanza, na nani ana haki ya kusema?"

Kimya.

Nikaanza kusali naye, mimi koridoni na yeye ndani. Nilishika mpini wa dekio kwa mikono miwili. Nikapita jina, nikapita ufalme, nikapita mkate. Nilikuwa nimefika kwenye kusamehewa wakati kiti kilipolia.

"Sir, hapo mnatuonea." Alikuwa Yassin, kijana mnyamavu, kwao Chekereni, sijawahi kuisikia sauti yake. "Baba yangu analima mpunga. Nyie wa juu mnaziba mfereji mnasema ni wenu kwa sababu babu zenu waliuchimba. Mpunga haujui babu yako ni nani."

"Na ng'ombe je?" Huyo ni Ildefonce wa Kirua Vunjo, namjua kwa kelele zake za koridoni. "Ng'ombe anangoja mpaka wewe upike pilau?"

Wakacheka. Nikaogopa Eliezeri atapiga meza. Baba yake angepiga. Yeye akasema, "Yassin, shamba moja la kwenu linahitaji maji siku ngapi kwa wiki? Ildefonce, ng'ombe mmoja anakunywa ndoo ngapi? Hamjui? Basi mnabishana na nini? Kaeni watano watano, mmoja wa juu, mmoja wa chini, mtafute."

Na viti vikaanza kugeuka. Jamani, ile kelele ya viti! Mwaka mzima nilikuwa naichukia kwa Dokta Mwantumu.

Siku hiyo nilisimama nje dakika kumi na nane.

Siku ya fomu ilikuja wiki ya kwanza ya Juni. Magreth alinifuata tangu jana yake. "Ukiona wametoka haraka usinipigie simu," akasema. "Ukiona wamechelewa, nipigie." Kisha akasema nisipige kabisa, atamsikia mwenyewe. Usiku huo najua hakulala, maana asubuhi nilipopita kwake alikuwa ameshakamua, ameshapika, na anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Darasa lilikuwa la mwisho mchana. Eliezeri alikuwa amewapa swali la kumalizia: kama mngekuwa kamati ya maji, ratiba ya mwaka wa ukame ingekuwaje. Niliingia koridoni nikiwa na ndoo, fagio na saa yangu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Vikundi vilikuwa vimezungukana, karatasi kubwa zimetandazwa, Yassin amesimama juu ya kiti anaonyesha jambo ubaoni, Ildefonce anamwambia ashuke, kwao hawafundishwi na watu warefu.

Saa ikafika. Zita, ambaye ndiye kiongozi wa darasa, akainuka na bahasha ya fomu.

"Jamani, fomu." Hakuna aliyegeuka. "Jamani! Fomu za tathmini!" Akapita anaziweka mezani, moja kwa kila mtu. Wengine waliziweka kando. Mmoja akageuza yake nyuma akaanza kuchorea mfereji. Zita akampokonya na kumpa nyingine. "Sir, samahani. Utaratibu unasema utoke."

"Najua," Eliezeri akasema.

"Ngoja kwanza, sir!" Yassin akapaza sauti. "Usitoke. Huyu anasema Jumapili maji yasigawiwe kwa sababu wa juu wako kanisani. Na Ijumaa yetu?"

"Si mtafute ya kati," Hajira akasema. "Lazima umuulize sir kila kitu?"

"Kaa, nikuonyeshe," Ildefonce akamwambia Yassin.

Nikamwona Eliezeri amesimama kati ya meza yake na mlango. Alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, nilimwona nalo, jibu zuri pengine. Midomo yake ikafunga, kisha ikawa inatembea kidogo kidogo bila sauti, nami nikajua yuko wapi: ameshapita jina, anaelekea kwenye mkate. Kule kwenye meza ya dirishani Ildefonce alikuwa ameshanyang'anya kalamu, na wote wameinama juu ya karatasi moja, vichwa vimegusana, fomu zimelala pembeni hazijaandikwa hata neno.

Niliangalia saa. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mkoba wake.

Eliezeri akachukua mwavuli wake uliokuwa umeegemea ukuta. Akapita mbele yangu, akaikwepa ndoo, akaenda zake na jibu lake, akiwaachia wao walitafute.